Safari ya Hija na Maandalizi ya Miguu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Juma hili safu yetu inaandikwa kutoka Isiolo, ambako tumealikwa kusomesha manasiki kwa aila kadhaa zilizotia nia ya kuhiji. Masomo ya ihramu, talbiya na nguzo yamekwenda vyema, alhamdulillahi. Lakini tulipouliza ni nani aliyetembea saa mbili mfululizo katika mwezi uliopita, mikono iliyoinuka ilikuwa ya wazee wachache wachungaji. Akina mama, ambao ndio wengi darasani, walitazamana wakacheka. Ada zimelipwa, mabuibui yameshonwa, masanduku yamenunuliwa. Miguu ndiyo iliyosahauliwa.

Hija ni ibada ya mali na ya mwili, na sehemu kubwa ya kazi ya mwili ndani yake ni kutembea. Katika Suratul-Hajj, wanaokwenda kwa miguu wametajwa mbele ya wanaopanda. Tupige hesabu. Kutoka Safa hadi Marwa ni takribani mita 450. Mara saba ni zaidi ya kilomita tatu, nayo huja baada ya tawafu. Tawafu ya karibu na Kaaba ni fupi, lakini msongamano ukikupeleka ghorofani, mzunguko mmoja hurefuka mara kadhaa. Arafa iko yapata kilomita 20 kutoka Makka. Mabasi yapo, na tangu 2010 ipo treni inayounganisha Arafa, Muzdalifa na Mina, ila si kila kikundi hupangiwa treni, na basi likikwama usiku wa kuamkia Idi watu hushuka wakatembea. Kisha zinafuata siku za Mina: kutoka hemani hadi Jamarati na kurudi, siku tatu au nne, usingizi mchache na jua kali. Mwenye mwili uliozoea huchoka, akalala, akaamka. Asiyezoea huamka siku ya pili hawezi kusimama, na ibada kubwa zaidi bado ziko mbele yake.

Hatusemi haya ili kutisha. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija, wakitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa hiyo jambo la kwanza katika maandalizi ya mwendo ni kibali halali. Anayekushawishi uende kwa viza isiyo ya Hija ili upunguze gharama anakuondoa kwenye hema, kwenye basi na kwenye maji.

Sasa tuje kwa wanaojua kutembea, nao Isiolo wako wengi. Mji huu ulikua kwa mifugo. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo ni Wasomali waliokuwa askari katika Vita Vikuu vya Kwanza, na hadi leo Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu hupitisha ngamia, ng'ombe na mbuzi pembezoni mwa mji. Mtazame mchungaji anayeondoka na ngamia. Anaswali Alfajiri, anatangulia jua, na jua linapokaza anatafuta mti. Hubeba kidogo: fimbo, shuka, chombo cha maji. Mguuni ana akala, vile viatu vilivyokatwa kwenye mpira wa gurudumu, vilivyokwisha kuchukua umbo la unyayo wake. Hakuna alicho nacho kilichonunuliwa jana. Hatua yake ni fupi na ya sawasawa, naye haharakishi asubuhi ili aburure miguu jioni. Sisi wa Pwani, ambao babu zetu walikwenda Hija kwa jahazi ilhali ndugu zetu wa Afrika Magharibi walikuwa wakikata jangwa kwa miguu hadi Sudan kwa miaka, tuna mengi ya kujifunza kwa mchungaji huyu.

Tofauti ya joto nayo ielezwe, maana hudanganya watu wetu wa Mombasa na Lamu. Joto la Pwani lina unyevu. Jasho hulowanisha nguo, na mtu hujua kwamba anatoka maji. Joto la Isiolo, kama la Hijazi, ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho, na ndani ya saa mbili kichwa kinauma na mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Anayeishi Isiolo ana bahati ya kujifunza kunywa maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Wa Pwani itambidi ajilazimishe. Na maji matupu mengi bila chumvi nayo yana madhara. Ndiyo maana tunahimiza zile pakiti za chumvi na sukari zinazotolewa zahanati, angalau moja kwa siku ya mwendo mrefu, isipokuwa kwa aliyekatazwa na daktari wake.

Tufike penye mzizi wa jambo. Wake wa mji huu wanafanya kazi, hilo halina shaka. Wako wanaouza maziwa ya ngamia, wanaoyapokea alfajiri na kuyapeleka kwenye mabasi ya Nairobi. Ushirika wa akina mama wa Anolei unajulikana kwa biashara hiyo. Lakini kusimama penye madumu si kutembea, na kukaa dukani si kutembea, na siku hizi hata sokoni huendwa kwa bodaboda. Tulipowaambia waanze mazoezi, mmoja alisema kwa upole: "Sheikh, mume wangu amenilipia Hija, lakini nikitoka kutembea asubuhi ataniuliza naenda wapi." Wenziwe walinyamaza, na kimya kile kilitwambia kwamba hakuwa peke yake.

Kwa hiyo maneno haya tunawaelekezea waume na watoto wa kiume. Umetoa mamia ya maelfu ya shilingi ili mkeo au mama yako akasimame Arafa. Atakwenda mbele ya mamilioni ya watu, atatembea barabarani usiku na mchana. Vipi basi umzuie kutembea nusu saa katika mtaa wake mwenyewe, amejisitiri, akiwa na wenzake? Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, akamshinda, baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye. Hakuna aliyeona aibu katika hilo. Rai yetu ni kwamba mume aliyetia nia ya kumpeleka mkewe Hija ana wajibu wa kumpa wakati, usalama na mwenza wa mazoezi, kama alivyo na wajibu wa kumpa nauli. Akina mama watano wa Bulla Pesa wakitoka pamoja baada ya Alfajiri kumekwisha pambazuka, na kijana mmoja wa nyumbani akiwafuata nyuma, sharia haijavunjwa na jirani hana la kusema. Mume akitembea naye mwenyewe ni bora zaidi, kwani tumbo lake nalo tumeliona.

Mazoezi yenyewe yaanze miezi mitatu kabla. Juma la kwanza na la pili, dakika 20 kwa siku nne. Baada ya hapo ongeza dakika tano hadi kumi kila juma, mpaka ufike saa moja bila shida. Katika mwezi wa mwisho tembea saa mbili mara moja kwa juma, na kesho yake tembea tena saa moja ingawa miguu inalalamika. Hiyo siku ya pili ndiyo yenye mafunzo, maana Hija haikupi siku ya kupumzika baina ya Arafa na Jamarati. Vaa viatu vile vile na buibui lile lile utakalosafiri nalo, na beba kile kibegi chako. Majuma mawili ya mwisho, mwenye afya asogeze mwendo wake kidogo kidogo kuelekea saa tatu na saa nne za asubuhi, kwani mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo asianze hata juma la kwanza kabla ya kumwona daktari. Siku chache kabla ya safari, punguza. Usifike uwanja wa ndege umechoka.

Isiolo mjini ni tambarare, na Makka ina milima na ngazi. Atafutaye ngazi azipande popote atakapozipata. Asiyepata, ashike ukuta na kuinuka kwa ncha za vidole mara kumi baada ya kila swala, na ajizoeze kuinuka kutoka mkekani bila kushika kitu. Mina mtu hulala kwenye godoro jembamba chini, na asiyeweza kuinuka peke yake huwa mzigo kwa wenzake usiku kucha.

Kuhusu viatu tutasema kwa urefu, maana hapo ndipo wengi huumia. Kinunuliwe miezi miwili kabla, tena jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kipya kilichofunguliwa kutoka boksini Jidda ni malengelenge kabla ya Mina. Kwa mwanamke jambo ni jepesi: ihramu yake haimkatazi raba wala soksi, anachokatazwa ni niqabu na glavu. Avae raba nyepesi yenye soli nene na soksi za pamba, na soksi za akiba ziwe kibegini. Mwanamume huvaa makubadhi au ndara zinazoacha vifundo wazi. Wako wanaoogopa kila uzi ulioshonwa kwenye ukanda wa ndara. Hofu hiyo haina msingi, kwani kinachokatazwa na wanavyuoni ni vazi lililoshonwa kwa umbo la mwili au kiungo, si uzi wenyewe. Basi hata akala inafaa, ijapokuwa asiyeizoea asijaribu kuizoea huko.

Tawafu hufanywa peku au kwa soksi kwa wanawake, kwa hiyo nyumbani utembee peku sakafuni. Lakini mwenye kisukari asikanyage ardhi ya nje bila viatu hata hatua kumi. Nyayo zake huenda hazihisi moto, na lami ya Mina huunguza. Kila usiku akaguliwe nyayo na mtu mwingine. Viatu vikivuliwa mlangoni mwa Msikiti vitiwe ndani ya mfuko na kubebwa. Wanaoviacha mlangoni ndio wanaorudi hotelini peku juani.

Hakuna haya katika elimu, basi tuseme na hili: mapaja huchubuka kwa mwendo, na wengi hulia kimya kwa maumivu hayo. Mama avae suruali ndefu ya pamba ndani ya buibui na apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwani aliye katika ihramu hapaki manukato. Mafuta hayo hayo yamfae mwanamume. Buibui liwe jepesi, na upindo wake usiburure chini. Hukanyagwa katika msongamano na hunaswa kwenye ngazi za umeme. Kucha zikatwe kabla ya kuhirimia. Kibegini tia chupa ya maji, tende, pakiti za chumvi, plasta, na mwavuli wa rangi nyeupe. Kuhusu mwavuli, Ummul-Huswayn (R.A.) amesimulia kwamba aliwaona Usama na Bilal, mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume (S.A.W.) na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto mpaka alipotupa Jamrat al-Aqaba. Kivuli, basi, hakipunguzi thawabu.

Wala uchovu hautafutwi kwa ajili ya uchovu. Dada yake Uqba bin Amir aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mtume alipoulizwa, aliagiza atembee na apande. Bibi Sauda (R.A.), aliyekuwa mzito wa mwili, aliomba ruhusa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya umati, akaruhusiwa. Bibi Umm Salama (R.A.) alipougua alitufu akiwa amepanda mnyama. Mama mwenye magoti mabovu ana wema hawa watatu wa kumtangulia, naye akodishe kiti cha magurudumu bila kuinamisha kichwa.

Ila mtoto atakayemsukuma afahamu kwamba Safa na Marwa ni zaidi ya kilomita tatu kwake pia, akiwa na uzito wa mtu mikononi. Naye aingie mazoezini kuanzia leo.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu masuali ya dawa za kisukari na namna ya kuzihifadhi katika joto la Mina. Wabillahi tawfiq.