Daftari la Mkulima Ni Amana

Mtu apitaye Kyela wakati wa msimu wa kakao ataona jambo moja katika kila ghala la chama cha msingi. Mkulima ameshusha gunia lake, gunia limewekwa juu ya mizani, na karani anaandika. Anaandika jina, kijiji, kilo, namba ya simu, na namba ya akaunti ambamo fedha zitaingia baada ya mnada. Mkulima hupokea stakabadhi yake, huitia mfukoni, akarudi Ipinda au Ngonga au Matema kungoja malipo. Kakao yake ameiona ikiingia ghalani. Ameliona kufuli, na mlinzi amemwona. Lakini lile daftari limefungiwa wapi, na mlinzi wake ni nani?

Hilo ndilo swali tunalotaka kuwauliza leo viongozi wa vyama vya ushirika, wenye maduka, mawakala wa fedha za simu na wafanyabiashara wote wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Si swali dogo. Mwezi wa Machi 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Bei hiyo haikudumu, lakini iliwaonyesha wengi, wema na wabaya, kwamba mashamba ya Kyela yana fedha. Na fedha hizo hazibebwi tena katika mfuko wa kaniki. Zapita katika akaunti za benki na katika simu, nyuma ya jina na namba.

Kwa hiyo mwizi wa leo hana haja ya kuvunja ghala. Amtakaye ni karani mzembe. Sote twaujua ule ujumbe wa simu usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Watu wengi siku hizi huucheka na kuufuta, kwa kuwa aliyeutuma hamjui anayemwandikia. Lakini tuseme mkulima mmoja apigiwe simu na mtu mwenye sauti ya adabu, amwambie: "Shikamoo mzee. Napiga kutoka chama. Zile kilo zako 140 za Jumanne zimeuzwa, ila akaunti yako ina kasoro. Nitajie namba ya siri tuirekebishe." Hapo hacheki mtu. Mzee ataamini, kwa sababu mgeni huyu azijua kilo na siku. Amezijuaje? Amezijua kwa kuwa daftari lilivuja. Namba ya siri mzee aliitoa mwenyewe, kweli. Lakini silaha iliyomshinda ilitoka katika meza ya chama chake.

Tusidhani kwamba kuvuja huko ni kazi ya mabingwa wa kompyuta peke yao. Mara nyingi mlango hufunguliwa na mkono wa mwenye nyumba. Nani kati yetu hajapata kuandika jina lake na namba yake katika kitabu cha wakala, huku akisoma majina na kiasi cha fedha cha wateja ishirini waliomtangulia? Nani hajapata kuona fotokopi za vitambulisho zikirundikwa chini ya meza, na karatasi za ofisi zikifungia karanga sokoni? Kuna ofisi ambamo makarani wanne hutumia neno moja la siri, nalo limebandikwa ukutani ili lisisahauliwe. Kuna karani aliyeacha kazi mwaka jana, na simu yake ingali inafungua hesabu za chama. Na kuna yule apigaye picha ukurasa wa daftari na kuutuma katika kundi la simu lenye watu mia mbili, akidhani amerahisisha kazi.

Wala hatari haiko kwa wadogo tu. Majirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe waliionja. Mwezi wa Februari 2024 Rais Lazarus Chakwera wa Malawi aliliambia Bunge kwamba wahalifu walikuwa wameingia katika mitambo ya Idara ya Uhamiaji na kudai fedha ili waiachilie. Utoaji wa pasi za kusafiria ulisimama, na wananchi wasio na kosa wakangoja. Ikiwa idara ya dola yaweza kufungiwa nje ya mitambo yake yenyewe, chama cha msingi chenye kompyuta moja hakiwezi kujiona salama kwa sababu ya udogo wake.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu hana budi kujiandikisha kwa Tume, kuzikusanya kwa kusudi lililo wazi, kuzilinda, na kutoa habari zikivuja. Na asiseme mtu kwamba sheria za namna hii ni za mabenki tu. Huko Kenya, mwezi wa Septemba 2023, shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wako watakaosema kwamba ulinzi huu ni wa gharama, nasi watu wa mpunga na kakao hatuna fedha za kununua mitambo. Twawajibu kwamba sehemu kubwa yake haidai hata senti. Usiandike usichokihitaji, asiyeweka kitu haibiwi kitu. Kila karani awe na neno lake la siri, na siku anapoacha kazi lifutwe siku hiyo hiyo. Kitabu cha wakala kikae upande wa wakala, wala mteja asisome habari za mwenziwe. Karatasi zilizokwisha kazi zichomwe. Namba ya akaunti ya mkulima isibadilishwe kwa maneno ya simu. Aje mwenyewe na kitambulisho chake, au apigiwe kwa namba iliyokuwa daftarini tangu mwanzo. Programu za kompyuta na za simu zisasishwe zinapotakiwa. Na nakala ya pili ya hesabu iwekwe mahali pengine, mbali na ofisi. Watu wa Kyela hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mito ya Kiwira na Mbaka ikifurika, aliyeweka chakula chote chini hulala na njaa.

Mkulima naye ana zamu yake. Namba ya siri haina karani, haina mwenyekiti, haina hata mtoto wa nyumbani. Ni ya mwenyewe peke yake. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040, na kwa kubonyeza *106# mtu aweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Lakini hatukubali mzigo wote atwishwe mkulima. Aliyekusanya ndiye mlinzi. Twataka kila chama cha msingi kiliweke jambo hili katika mkutano wake mkuu ujao, na wanachama waulize bila woga: nani anaziona habari zetu, na kwa idhini ya nani? Twataka maofisa ushirika walikague daftari kama wanavyoikagua mizani. Twataka benki na makampuni ya simu yafundishe mawakala wao. Na Tume nayo ishuke mpaka Kyela na Kasumulu, iseme kwa Kiswahili kinachoeleweka gulioni. Na siku taarifa zitakapovuja, viongozi waseme siku hiyo hiyo. Kuficha ni kumpa mwizi muda wa kumaliza kazi yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mali yaweza kupotea kwa sababu ya zile habari zilizomo daftarini. Wazee wetu walijenga ushirika kwa kuaminiana mbele ya mizani. Imani hiyo ikivunjika, mkulima atarudi kuuza kakao yake gizani kwa mlanguzi, kwa bei ya mlanguzi, na hapo wote tutakuwa tumeibiwa.