Wanankurukumbi, mvua ya Bukoba msiikimbie

Ukitaka kujua mvua ni nini, njoo Bukoba mwezi wa nne. Huu ni kati ya miji inayopata mvua nyingi kabisa Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yenyewe haina adabu. Usiku mawingu yanajikusanya juu ya Ziwa Victoria, ngurumo zinapiga huko huko majini, halafu kunapopambazuka upepo unayasukuma kuja nchi kavu. Saa ile ile kocha anayotaka vijana wavae viatu waingie uwanjani, ndiyo saa linapodondoka.

Basi kinachofuata tunakijua wote. Simu zinapigwa: “Leo hakuna tizi, pumzikeni.” Vijana wanarudi kulala. Kesho tena, keshokutwa tena. Wiki inaisha timu imefanya mazoezi siku mbili. Jumamosi mechi, dakika ya 70 watu wameshika viuno, na sisi waandishi tunaandika kwamba timu “ilikosa bahati”.

Naandika haya kwa sababu Kagera Sugar walishuka daraja. Msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya 15 kati ya timu 16, wakaondoka Ligi Kuu pamoja na KenGold ya Mbeya. Timu iliyokaa juu kwa takribani miongo miwili, ikashuka kwenda kucheza Championship. Mkoa mzima wa Kagera ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Kwa kijana wa Muleba au Karagwe mwenye ndoto ya kucheza na Simba na Yanga bila kuhama nyumbani, huo ulikuwa mlango uliofungwa.

Sababu nimezisikia nyingi. Waamuzi, fedha, umbali, majeruhi, na hali ya hewa. Leo niseme hiyo ya mwisho, kwa sababu naiona inatumika kama shuka la kujifunikia.

Niwapeleke mbali kidogo, kwenye mchezo ambao sisi wa mpira hatuuzungumzii: mbio za farasi. Msicheke. Pale Bukoba tuna viwanja tunaviita Gymkhana, na neno hilo lilitoka India enzi za Waingereza, likiwa jina la vilabu vya michezo, michezo ya farasi ikiwamo. Jina limebaki, farasi hakuna. Jirani zetu Kenya wao bado wanao, pale Ngong Racecourse jijini Nairobi, na wanaofuga farasi wa mbio wanaamka alfajiri kuwakimbiza hata Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza.

Ila mfano ninaoutaka uko Uingereza. Kule kuna mbio za kuruka vizuizi, na msimu wake mkubwa unakwenda katikati ya baridi kali. Ardhi ikiganda inakuwa kama saruji, farasi akikanyaga kwa kasi miguu inaharibika. Baridi ya mwaka 1963 ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata mpira ulisimama: raundi ya tatu ya Kombe la FA ilichukua siku 66 kumalizika. Mbio za farasi nazo zilifutwa wiki hadi wiki. Lakini farasi si gari, huwezi kumpaki gereji ukamwasha msimu ukirudi. Akikaa bandani wiki tatu pumzi imekwisha. Kwa hiyo wafundishaji wakatafuta njia. Wenye ufukwe karibu wakawapeleka farasi mchangani, maana mchanga wenye maji ya chumvi haugandi upesi kama udongo.

Hapo ndipo anapoingia farasi anayeitwa Red Rum. Mfundishaji wake, Ginger McCain, hakuwa tajiri. Alikuwa dereva teksi na muuza magari katika mji wa Southport, na banda la farasi lilikuwa nyuma ya duka lake la magari. Hakuwa na uwanja wa mazoezi wa nyasi kama wakubwa. Alichokuwa nacho ni ufukwe wa bahari. Mwaka 1972 akamnunulia mzee mmoja farasi huyo, na alipomtoa mara ya kwanza mchangani, farasi akaanza kuchechemea. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato, ugonjwa unaomaliza farasi wengi wa mbio.

Fikiria umemsajili mshambuliaji, siku ya kwanza mazoezini anashika goti. McCain akampeleka farasi ndani ya maji ya bahari, akawa anamtembeza humo. Kuchechemea kukapungua. Ikawa ratiba: upepo uwepo, mvua iwepo, farasi mchangani halafu kwenye maji. Mwaka 1973 akashinda Grand National, mbio za zaidi ya kilomita saba na vizuizi 30, akimpita mwishoni kabisa farasi Crisp aliyekuwa ameshawaacha wote mbali. Mwaka 1974 akashinda tena. Mwaka 1975 akawa wa pili, 1976 wa pili tena, watu wakasema amezeeka. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 12, akashinda mara ya tatu. Hakuna farasi mwingine aliyefikisha ushindi mara tatu kwenye mbio hizo.

Somo langu halimo kwenye kikombe. Limo kwenye miaka ile miwili ya kuwa wa pili. McCain hakubadili ufukwe wala hakumtupa farasi. Alirudi mchangani asubuhi iliyofuata.

Sasa turudi Kaitaba.

Wanankurukumbi nao wameshapita kwenye mambo magumu wakatoka. Kuna kipindi Kaitaba ilifungwa kwa ajili ya kuwekwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, timu ikawa inacheza mechi za “nyumbani” nje ya mkoa, na bado haikushuka. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaupiga mkoa, watu 17 wakapoteza maisha, nyumba zikalala chini, shule kama Ihungo na Nyakato zikabomoka. Mpira uliendelea, na Kaitaba ikawa mahali pa watu kukusanyika na kupumua kidogo.

Halafu ile Mei 19, 2018. Mnakumbuka? Uwanja wa Taifa, Simba wameshatwaa ubingwa, hawajafungwa mechi hata moja ya ligi, Rais Magufuli yupo jukwaani kukabidhi kombe. Kagera Sugar wakaja wakaharibu sherehe. Edward Christopher akafunga, Juma Kaseja akadaka penalti ya Emmanuel Okwi, 1-0. Siku ile hakuna aliyesema Bukoba ni mbali. Mwaka uliofuata wakaponea kwenye mchujo dhidi ya Pamba. Timu hii ilikuwa inajua kuteseka.

Kwa hiyo nini kimebadilika? Mimi si msemaji wa klabu na sikai kambini kwao. Ila nawaona uwanjani, na ninaijua tabia ya kwetu, kwa sababu nimeicheza.

Nimekulia Kimwani, kusini mwa Muleba. Nilikuwa beki wa kulia wa timu moja ya kijijini, uwanja wetu wa udongo, ukinyeshewa unageuka jaruba. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema sana, alitupenda, hakutaka tuugue. Wingu likitanda upande wa ziwa tu, anapuliza filimbi turudi nyumbani. Tukaingia fainali ya kata. Siku hiyo mvua ikaanza dakika ya kumi. Wenzetu wakawa wanapiga mpira mrefu kuvuka madimbwi, wanateleza kwa makusudi, wanacheka. Sisi tunapiga pasi fupi, mpira unakwama majini, tunabaki kutazamana. Tukala nne. Nikiwa natoka, mzee mmoja akaniuliza: “Mwanangu, kwani nyinyi mvua mmeiona leo?”

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Najua wapo watakaosema vijana si farasi. Kweli kabisa, na ndiyo maana nataka nieleweke vizuri. Kuna mvua na kuna radi. Kanda hii ya ziwa radi ni muuaji. Oktoba 2018 jirani zetu Geita walizika wanafunzi waliopigwa na radi wakiwa shuleni. Ngurumo ikisikika, uwanja uwe mtupu, hapo hakuna mjadala wala ushujaa. Hata wenye farasi hawamkimbizi mnyama kwenye ardhi iliyoganda. Wanambadilishia kazi: leo hatakimbia, atatembea, hatatembea nyasini, atatembea mchangani. Ila siku haipotei bure.

Hicho ndicho tunachokikosa. Mvua ikizuia uwanja, kuna ukumbi wa kunyanyua vyuma, kuna ngazi za kupanda, kuna video ya mechi iliyopita, kuna kupiga penalti saa kumi jioni jua likitoka. Na Bukoba ina ufukwe wa ziwa. McCain angepewa ufukwe ule angeshukuru.

Jambo la pili ni nyasi. Kaitaba ni nyasi bandia, na zikilowa mpira unateleza kwa kasi kama sabuni. Ukizoea hapo tu, ukienda ugenini kwenye nyasi za kawaida zilizojaa tope, mpira ule ule unakufa njiani. Championship ina viwanja vya kila aina na inachezwa vuli na masika zote mbili. Timu inayotaka kupanda ifanye mazoezi kwenye bandia na kwenye udongo, kwenye kavu na kwenye maji. Red Rum alijifua mchangani, lakini alikwenda kushindana kwenye nyasi za Aintree, na alikuwa tayari kwa zote.

La tatu ni utunzaji. Farasi akitoka kwenye baridi hafungwi bandani akiwa amelowa. Anakaushwa, anafunikwa, kwato zinakaguliwa moja moja, ndipo anakula. Wachezaji wetu wengi wa madaraja ya chini wanamaliza mazoezi wamelowa chapachapa, wanapanda bodaboda na jezi ile ile. Kisha mvua ikikatika linakuja la mbu. Muleba tunaijua malaria kwa jina. Utafiti uliofanyika kwetu na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa dawa ya PBO vinakinga kuliko vile vya kawaida. Chandarua kizuri kambini, taulo kavu na uji wa moto ni vitu vya bei rahisi kuliko kusajili straika wa dirisha dogo. Mtu wa viungo anayekagua vifundo vya miguu kila siku ana faida kuliko mganga wa kuzika vitu golini.

La nne ni subira. Msimu ule wa kushuka, timu ilibadilisha kocha katikati ya safari. Sisemi makocha wasifukuzwe, mpira ni kazi na kazi ina hesabu. Nasema kila kocha mpya anakuja na mazoezi yake, na misuli ya mchezaji haijui barua ya uteuzi. Inajua ilifanya nini wiki sita zilizopita. Uongozi ukimpa mtu timu kiangazi hiki, umwache aione vuli, aione na masika, ndipo uhukumu.

Na sisi mashabiki tuna la kwetu. Timu ikiwa Ligi Kuu Kaitaba inajaa Yanga wakija, tunavaa jezi za Yanga mjini kwetu wenyewe. Kwenye Championship hakuna Yanga wala Simba anayekuja. Zinakuja timu ambazo wengine hatujawahi kuzisikia, siku ya kazi, mvua ikinyesha. Hapo ndipo itajulikana nani shabiki wa Wanankurukumbi na nani alikuwa anaenda kutazama wageni. Tukitaka vijana wasiikimbie mvua, na sisi tusiikimbie. Mwavuli upo, koti lipo.

Mwezi Oktoba vuli itaingia kama kawaida yake. Asubuhi moja kocha atafungua dirisha, ataona ziwa limepotea ndani ya wingu, na simu iko mkononi. Asikilize kwanza. Kama hakuna ngurumo, naomba awaambie vijana wake neno moja tu: njooni.