Shilingi Sita kwa Siku

Kila mwaka huja mgeni rasmi. Si yule yule, ila hotuba ni ile ile. Anashuka kwenye gari lililojaa vumbi la barabara ya Kilindoni, anapewa kiti cha plastiki chini ya mnazi, anakabidhi jezi na mipira miwili, halafu anashika kipaza sauti: Bweni mna vipaji, vijana jitumeni, michezo ni ajira. Tunapiga makofi. Hata mimi nimeyapiga miaka mingi, mpaka mwaka niliomsindikiza binamu yangu Dar es Salaam.

Nataka kubishana na hotuba hiyo, na nitaanzia mbali, kwenye mchezo ambao kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuucheza.

Raga ziko mbili. Tunayoijua wengi ni ya watu kumi na watano, au ya watu saba kwa sababu ya Wakenya. Ile nyingine ni ya watu kumi na watatu, na ilizaliwa kwa ugomvi wa ujira. Kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire na Lancashire, wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wapakuzi wa bandarini. Jumamosi kwao ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza ugenini, umekosa ujira wa siku hiyo. Klabu zao zikaomba ruhusa ya kumfidia mchezaji siku aliyoikosa kazini, basi. Mwaka 1893 mkutano mkuu wa chama cha raga, uliotawaliwa na mabwana waliosoma shule za gharama, ukalitupa ombi hilo kwa kura 282 dhidi ya 136. Kwao mchezo ulikuwa mapenzi, na pesa iliuchafua. Ni rahisi kuamini hivyo kama Jumamosi yako haina mwajiri.

Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zilikutana katika Hoteli ya George, mjini Huddersfield, zikajitoa na kuunda chama chao. Fidia waliyoipitisha haikumtajirisha mtu: shilingi sita kwa siku. Wale waliobaki upande wa pili walishikilia kutolipa hadi mwaka 1995.

Sasa Bweni. Kijiji kipo ncha ya kaskazini ya Mafia, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Vijana wengi wenye umri wa kucheza ni wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, na mabaharia hupumzika. Kwa hiyo kalenda yetu ya soka hufuata mwezi kuliko inavyofuata ratiba ya chama chochote. Mechi ikiangukia kwenye giza, nusu ya timu ina usingizi na nusu haipo. Na aliyebaki nchi kavu hana fungu. Mgao ni wa waliokwenda.

Binamu yangu alikuwa winga wa kushoto. Sitamsifia, maana sifa ndiyo sarafu tunayolipana bure. Klabu moja ya jijini iliita vijana kwa majaribio, tukaondoka: gari hadi Kilindoni, boti hadi Nyamisati, basi hadi Mbagala. Nauli tulichangiwa na ukoo. Siku ya kwanza alifunga. Siku ya tatu kocha akamwambia, "Dogo, uko vizuri. Rudi wiki ijayo, viongozi wakuone." Tulikuwa tunalala sebuleni kwa ndugu yetu mmoja, ambaye tayari alishaanza kutuuliza, kwa adabu kabisa, tunarudi lini nyumbani. Usiku ule binamu akampigia nahodha wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Giza limeingia, unajua?"

"Najua, mjomba. Naomba wiki moja tu."

"Wiki ya mbalamwezi ningekupa mbili, mwanangu."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Mafuta ya mashine aliyakopa, na nafasi ya mtu mmoja chomboni haiwezi kwenda baharini tupu. Akiingia mwingine, ni haki yake kubaki. Kesho yake tukapanda basi la Nyamisati. Kijijini watu wakasema hakujituma. Nami nilisema hivyo, mbele yake, na ndilo jambo linalonifanya niandike.

Mtanitajia Samatta. Haya, tumseme Samatta. Tunapenda kuisimulia safari yake kuanzia Mbagala kisha tukaruka moja kwa moja hadi Ulaya, kama kwamba alivuka kwa miguu. Katikati pana Lubumbashi. Mwaka 2011 TP Mazembe walimchukua kutoka Simba, na alikaa nao hadi Januari 2016 alipokwenda Genk ya Ubelgiji. Ni karibu miaka mitano ya mshahara, ya kazi ambayo haikumdai awe pengine usiku. Kipaji alitoka nacho nyumbani. Ila miaka ile mitano kuna mtu aliilipia, na hiyo sehemu wageni rasmi hawaitaji.

Au mchukueni Lucas Onyango, mzaliwa wa Nairobi, aliyetoka kwenye raga ya watu kumi na watano akawa winga wa kulipwa kwenye ile ya watu kumi na watatu. Alivaa jezi za Warrington, Widnes na Oldham. Klabu zote tatu zilikuwemo katika uasi ule wa 1895. Mtoto wa Nairobi alikuta malango yaliyofunguliwa na ubishi wa wachimba makaa zaidi ya miaka mia kabla yake. Huku kwetu ubishi huo tunauita utovu wa nidhamu. Juni 2018, jijini Paris, wachezaji wa Kenya wa raga ya watu saba waliingia uwanjani wameifunika nembo ya mdhamini kifuani, wakidai malipo yao. Nakumbuka jinsi walivyolaumiwa kwa kulitia taifa aibu. Ni timu ile ile iliyowachapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore miaka miwili tu kabla, na siku ile wote tulikuwa Wakenya.

Msiniambie pesa haipo. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania ziliuzwa kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6. Siombi Bweni ijengewe uwanja wa nyasi bandia. Mchanga wetu unatutosha. Nasema klabu inayomwita kijana wa kisiwani kwa majaribio imlipe nauli, impe kitanda na chakula, na imlipe kila siku aliyoikosa kazini kwake, awe mvuvi, awe dereva wa bodaboda, awe binti anayesuka mikeka. Akishindwa uwanjani, ashindwe na beki.

Mgeni rasmi ajaye nitamuuliza hilo, kipaza sauti kikinifikia.

Juzi nilimsomea binamu yangu sehemu ya Huddersfield. Ilikuwa mbalamwezi, yuko nyumbani, anatengeneza nyavu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Hizo shilingi sita ni za kila mtu, au wanagawana?"

"Za kila mtu."

"Na chombo hakikati fungu lake?"

"Hakikati."

Akaendelea kushona.