Emuleta inayokimbia si lazima iwe inasema ukweli

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi imenibana kweli kweli. Wikendi hii nilipata nafasi ya kujaribu ares, emuleta inayoigiza mashine nyingi za michezo ya zamani, na nimerudi na ugomvi.

Nilimwonyesha rafiki yangu, mwandishi wa programu kama mimi. Jambo la kwanza kusema: "Mbona nzito hivi? ZSNES ilikimbia hata kwenye Pentium!" Ndugu yangu, hapo ndipo tunapokosana.

ZSNES ilitoka 1997. Tarakilishi za wakati ule zilikuwa dhaifu, kwa hivyo sehemu kubwa yake iliandikwa kwa lugha ya asembli, na mambo mengi ya mashine halisi ya SNES yakakadiriwa tu. Mchezo ukigoma, unatiwa kiraka cha mchezo huo peke yake. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana bila wao tusingecheza chochote. Ninaowalaumu ni sisi ambao bado tunapima emuleta kwa kasi tu.

Hebu tazama hasara yake. Mashabiki walitafsiri michezo ya Kijapani kwa Kiingereza wakijaribu kazi yao kwenye ZSNES. Emuleta hiyo iliruhusu kuandika kwenye kumbukumbu ya picha wakati skrini inachorwa, jambo ambalo SNES yenyewe hairuhusu. Baadhi ya tafsiri hizo zilipowekwa kwenye mashine halisi, maandishi hayakuonekana! Jasho la watu likawa limefungwa ndani ya kosa la programu moja.

Au chukua Air Strike Patrol. Kivuli cha ndege yako huchorwa kwa kubadilisha mpangilio wa picha katikati ya mstari mmoja wa skrini. Emuleta inayochora mstari mzima kwa mkupuo mmoja haikioni kivuli hicho kabisa.

Mwanzilishi wa ares, aliyejulikana kama byuu na baadaye Near, alianza bsnes mwaka 2004 akipigania jambo hili. Mwaka 2011 alieleza kwa nini usahihi ulihitaji kichakataji cha 3 GHz, ilhali kile cha SNES hakifiki hata 4 MHz. Uzito unatokana na kulinganisha saa: kichakataji, sauti na picha vinaenda kila kimoja kwa mwendo wake, na emuleta lazima ivisimamishe na kuviendesha kwa zamu mara nyingi mno kila sekunde. Near alifariki 2021, na wengine wakaiendeleza ares.

Mtaniambia, "Sisi tunataka kucheza tu, mambo ya makumbusho tuachie." Sawa, cheza. Kama mashine yako ni kuukuu, tumia iliyo nyepesi, hakuna atakayekukamata. Lakini usiite nzito "mbovu" kwa sababu tu inafanya kazi ambayo ile nyepesi iliiruka.

Na sisi wa huku tuna sababu ya ziada. Wengi wetu hatukuwahi kuishika SNES kwa mikono. Mimi niliijua kwenye tarakilishi ya saiba, kupitia ZSNES hiyo hiyo. Mtoto wa Tokyo aliyekuwa na mashine yake nyumbani akiona kasoro atasema, "La, haikuwa hivi." Mimi nitalinganisha na nini? Emuleta ikinidanganya, uongo huo ndio utakuwa kumbukumbu yangu. Na mashine zenyewe zinazidi kufa. Siku ya mwisho sote tutakuwa kama mimi pale saiba.

Kipakatalishi changu kilipiga kelele kama posho mill wikendi nzima. Nimekisamehe. Kivuli cha ndege nimekiona.

Haya, wanaobisha na wajitokeze. Tuonane wiki ijayo.