Mizinga ya Manowari na Mabega ya Wapagazi

Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilipoangamia mtoni Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa majini, ikapelekwa katika karakana ya reli Dar es Salaam na kuundiwa magurudumu. Nao Waingereza wakaitendea mizinga ya Pegasus vivyo hivyo. Fundi alisifiwa, na kwa haki. Lakini aliyebeba mashaka, na hili halisemwi vya kutosha, ni mpagazi aliyejifunga kamba begani akakokota chuma kile matopeni.

Vita hivyo vya Waingereza na Wajerumani vilipita Tukuyu mwishoni mwa Mei 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jemadari Northey likitokea kusini, vikafika Iringa mwezi Agosti, na kila palipopita jeshi wanaume walichukuliwa kubeba mizigo na nafaka ghalani ikaliwa.

Mombasa, penye Ngome ya Yesu, mizinga ya manowari zote mbili imehifadhiwa kwa taadhima. Nawasihi kwa ikhlasi wahifadhi wa Makumbusho ya Boma, Iringa, pamoja na wenzao wa Mbeya, wawatengee wapagazi hao mahali, na wazee waulizwe waliyosimuliwa na baba zao, maadamu wangali hai.