UCHAMBUZI: Wingi wa dondoo hautoshi kumpima daktari mtafiti

Msomi wa chuo kikuu anayetaka kupandishwa cheo siku hizi sharti aandae hesabu mbili: idadi ya makala aliyoyachapisha na mara ambazo wasomi wenzake wameyanukuu. Hesabu hizo zimegeuka mizani ya kuamua nani aitwe profesa na nani apewe fedha za utafiti.

Swali linaloibuka ni iwapo mizani hiyo inapima kile tunachodhani inapima. Taaluma ya magonjwa ya wanawake na uzazi inatupa mfano mzuri wa kulijibu, nao ni wa Profesa Mahmoud Fathalla wa Chuo Kikuu cha Assiut, nchini Misri.

Mwaka 1971, Fathalla alichapisha katika jarida la kitabibu la The Lancet nadharia tete fupi mno. Alidai kuwa kupevuka kwa mayai mwezi baada ya mwezi, bila mapumziko ya ujauzito, huenda kukachangia saratani ya ovari. Kila yai linapotoka, ngozi ya ovari hupasuka na kujiunga upya, na katika ukarabati huo usiokoma ndimo hitilafu zinapoweza kuingia.

Andiko hilo fupi limenukuliwa na watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Sababu ni kwamba lilikuwa na dai linaloweza kupimwa. Ikiwa kupevuka kwa mayai ndiko chanzo, basi chochote kinachokusitisha kingepunguza hatari. Mwaka 2008, jarida lilo hilo lilichapisha uchanganuzi wa tafiti 45 kutoka nchi 21, ulioonyesha kwamba wanawake waliotumia vidonge vya kupanga uzazi walipata saratani hiyo kwa kiwango cha chini, na kwamba kinga hiyo iliongezeka kadiri walivyovitumia kwa muda mrefu. Watafiti hao walikadiria kuwa vidonge vilikuwa vimezuia takriban visa 200,000 vya saratani ya ovari duniani.

Hata hivyo, sayansi haikukwama hapo. Tafiti za karne hii zimebaini kuwa saratani nyingi za aina iliyo hatari zaidi huanzia katika mirija ya uzazi wala si katika ovari zenyewe. Nadharia ya Fathalla imelazimika kurekebishwa, lakini wanaoirekebisha pia huinukuu. Hivyo basi, dondoo haimaanishi kwamba aliyenukuliwa alipatia kila kitu, bali kwamba hoja yake ilistahili kujibiwa.

Tuitazame sasa mizani yenyewe. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California alibuni kipimo kinachojulikana kama kipimo cha h. Msomi mwenye h ya 20 ni yule aliye na makala 20 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 20. Kwa kipimo hicho, kama Fathalla angekuwa ameandika makala yale ya 1971 pekee, angepata alama 1, sawa na mtu aliyenukuliwa mara moja tu maishani. Mizani ya aina hiyo humtuza anayeandika mengi ya wastani na kumpunja anayeandika machache yenye uzito.

Aidha, kuna kazi isiyoingia katika mizani hiyo kabisa. Mnamo Februari 1987, jiji la Nairobi lilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa lililozindua mpango wa Uzazi Salama. Wakati huo ilikadiriwa kuwa wanawake nusu milioni walikuwa wakifariki kila mwaka kutokana na ujauzito na kujifungua. Fathalla alikuwa miongoni mwa waasisi wa mpango huo.

Ni yeye aliyesimulia kisa cha Bi X, mwanamke aliyevuja damu hadi kufa kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya uzazi. Daktari angeandika sababu moja tu katika cheti. Fathalla alifuata nyayo za mama huyo kinyumenyume: upasuaji uliocheleweshwa, damu isiyotosha hospitalini, safari ya saa nyingi, upungufu wa damu wa muda mrefu, mimba ambayo hakuitaka, na umaskini uliotangulia yote. Kila kituo katika njia hiyo kilikuwa na mlango wa kutokea, lakini hapakuwa na wa kuufungua.

Hoja hiyo ingali inatuhusu. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Huo ulikuwa mlango mmoja. Sensa ya 2019 ilionyesha bado akina mama 355 walikuwa wakifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kujifungua bila malipo hakumfai mama ambaye barabara haipitiki au ambaye benki ya damu haina damu. Ulimwenguni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 260,000 mwaka 2023, na takriban asilimia 70 vilitokea Afrika kusini mwa Sahara.

Hatusemi dondoo zitupiliwe mbali. Bila ya kunukuliwa, wazo lililotoka Assiut, mbali na miji mikuu ya utafiti, lisingefika popote. Lakini chuo kinapohesabu bila kusoma, kinawasukuma wasomi wake kulipia nafasi katika majarida yasiyokagua chochote, na kulikatakata andiko moja ili liwe matano. Mgonjwa hapati faida yoyote hapo.

Kamati za kupandisha vyeo zinafaa kudai maelezo pamoja na nambari: msomi huyu alibainisha nini, nani alikitumia, na ni utaratibu gani wa tiba au sera uliobadilika? Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Fathalla Tuzo ya Idadi ya Watu, na haukumtunuku kwa kipimo cha h. Vyuo vyetu navyo visisubiri wengine wawatambue madaktari wetu wanaookoa maisha ya akina mama, eti kwa kuwa orodha yao ya makala ni fupi.