Tutazame Miguu

Katika hadithi za pwani na visiwani, msafiri akikutana usiku na mwanamke mzuri kupita kiasi, hashughuliki na uso. Hutazama chini. Akiona kwato mahali pa vidole, basi ni miguu niponye. Sisi tuliopitia chuoni twajua kisa cha zamani zaidi. Sura ya An-Naml yaeleza jinsi Malkia wa Sabaa alivyoingia katika jumba la Nabii Suleiman, akaidhania sakafu ya kioo kuwa ni maji, akapandisha nguo zake. Wasimulizi waliofuata wakaongeza kwamba majini walikuwa wamemsingizia malkia kuwa ana miguu ya punda. Alipoinua nguo, uongo ukadhihirika: ilikuwa miguu ya binadamu.

Watunzi hao walielewa jambo ambalo sisi viongozi hulisahau. Uso hufundishwa kumchekea mgeni rasmi, mguu haufundishiki.

Ndugu wa visiwani asiyepata kufika Igowole, wilayani Mufindi, aelewe kwamba hiyo ni nchi ya juu, nchi ya chai na baridi. Mvua ikinyesha, asiye na mabuti ya mpira hurudi nyumbani na tope hadi magotini. Huko, kama kwingineko, afisa hushuka garini, hupigiwa ngoma, hupeana mikono na wazee, huondoka. Nani kati yetu aliyepata kuinama akatazama vidole vya watoto waliopangwa mstari wa mbele?

Vidoleni ndimo akaamo funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Aliletwa Angola kutoka Brazil mwaka 1872, katika mchanga wa merikebu, na kabla ya karne kwisha alikuwa amelivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi hadi pwani yetu. Jike hujipenyeza ngozini, huvimba kwa mayai, na mtoto huanza kutembelea visigino. Huacha shule kwa maumivu, na pengine zaidi kwa kuchekwa. Watu husema ni mchafu, ni mvivu, amerogwa. Hayo ni maneno ya wale majini. Funza hukulia katika vumbi la sakafu ya udongo, na hakuna maskini aliyeichagua sakafu hiyo. Tena pini moja inayozungushwa nyumba nzima yaweza kueneza pepopunda, homa ya ini, hata Ukimwi. Ilhali mafuta ya dimetikoni yakipakwa humziba mdudu pumzi bila mtu kutobolewa.

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo twaitaja sana majukwaani. Aendaye kwa miguu huiona miguu ya wenziwe; sisi twapita na vioo vimefungwa.

Hatumwombi afisa yeyote aache gari. Twaomba kila ziara ya shule, iwe Igowole au Micheweni, itanguliwe na mganga wa kuwakagua watoto miguu, faraghani, si mbele ya wenzao. Na halmashauri zitenge fungu la mafuta hayo na la saruji. Viatu vya msaada twavipokea kwa shukrani, ila mguu wa mtoto hukua, na mwakani kiatu hakimwingii.